Maji ya Kisiwa cha Mawe: Jinsi ya Kutunza Maji ya Akwariamu Nyumbani Unguja

Chungulia ndani ya birika la chai la nyumba inayotumia maji ya kisima. Utakuta ukoko mweupe umegandia chini na pembeni, mgumu, haubanduki kwa kucha. Ukoko huo ni chokaa. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya zama za kale. Mvua ikinyesha hupenya ardhini, hupita ndani ya mawe hayo na kuyayeyusha kidogo kidogo, na mpaka inafika kisimani huwa imeshabeba chokaa yake. Ndiyo maana sabuni huchelewa kutoa povu, na ndiyo maana mdomo wa mfereji huota ukoga mweupe.

Mwenye akwariamu sebuleni hapa kwetu anafuga samaki wake ndani ya maji hayo. Nimefuga kwa miaka mingi, nimezika samaki wengi miaka ya mwanzo, na jambo nililolishika kuliko mengine yote ni hili: chokaa si adui wa samaki, iache. Adui ni amonia, sumu inayotokana na choo cha samaki na chakula kinachooza, na maji yenye chokaa huifanya amonia iwe kali zaidi. Kila hatua nitakayoieleza inarudi hapo.

Mtoto wa kaka yangu alinijia usiku mmoja baada ya Isha, macho mekundu.

"Shikamoo, Ami. Samaki wangu wamekufa wote."

"Marahaba, baba. Pole. Uliwatia lini?"

"Juzi. Walikuwa kumi na wawili."

"Na tangi ulilijaza maji lini?"

"Juzi hiyohiyo. Maji safi, Ami, hata chembe ya uchafu haimo."

Hakudanganya, kwa macho maji yale yalikuwa safi. Yalichokosa hakionekani, na nitakieleza katika hatua ya nne. Ukiwa na haraka ya kusoma, soma hiyo kwanza.

Kabla ya yote: vipimo

Nunua vipimo kabla ya kununua samaki. Viko vya karatasi, unachovya ndani ya maji na kulinganisha rangi, na viko vya matone, unatia maji kwenye kijichupa na kudondosha dawa. Karatasi ni za haraka lakini hukisia tu, na unyevu wa kwetu huziharibu upesi kopo likishafunguliwa. Mimi natumia matone. Vinavyohitajika ni kipimo cha pH (namba ya asidi ya maji: 7 ni katikati, chini yake ni asidi), cha ugumu wa kabonati, cha amonia, cha nitriti na cha nitrati (hizi mbili nitazieleza katika hatua ya nne), na kipimajoto. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu mwezi huu, chukua cha amonia.

Unapopima, suuza kijichupa mara mbili kwa maji yaleyale unayotaka kuyapima. Shika chupa ya dawa wima ili matone yawe sawasawa, kwa kuwa ukiilaza matone hayawi sawa na jibu linapotea. Subiri dakika zote zilizoandikwa. Soma rangi mchana karibu na dirisha, maana chini ya taa ya manjano rangi ya kijani na ya njano hufanana, na kwenye kipimo cha amonia tofauti ya rangi hizo mbili ndiyo tofauti ya uzima na kifo. Angalia pia tarehe ya mwisho ya dawa. Dawa iliyochacha huweza kusoma sifuri hata pale ambapo hali ni mbaya.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanatoka wapi

Mjini tuna maji ya namna tatu: ya mfereji, ya kisima na ya mvua. Maji ya mfereji si jambo jipya kwetu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kutoka chemchem za upande wa Bububu. Lakini kwa samaki, maji ya mfereji na ya kisima ni ndugu, kwa sababu yote yanatoka chini ya mawe yaleyale. Tofauti kubwa ni kwamba ya mfereji huweza kuwa na dawa ya klorini.

Teka maji ya chanzo chako kwenye ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni. Pima pH papo hapo, halafu iache ndoo wazi, na ukiwa na pampu ya hewa itie, kisha pima tena baada ya saa 24. Usishangae majibu yakitofautiana. Maji yanayotoka chini ya ardhi huwa yamebeba gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo hushusha pH. Ikishatoka hewani, pH hupanda. Kisima changu husoma 7.2 yakitoka, na 8.1 kesho yake. Namba ya kuifanyia kazi ni ya kesho yake, kwa sababu ndiyo watakayoishi nayo samaki. Wengi hupima mara moja tu kisimani, wakaona 7.2, wakaamini wana maji ya wastani.

Halafu pima nitrati ya maji ya chanzo, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mjini nyumba zimebanana, kisima kiko hapa na karo la jirani liko hatua chache tu. Yanayotoka karoni huteremka ardhini na kuingia kwenye maji kwa sura ya nitrati. Ikiwa kisima chako chenyewe kinasoma miligramu 40 kwa lita, hakuna kubadilisha maji kutakakoishusha nitrati chini ya hapo. Utajichosha bure. Changanya na maji ya mvua, au tafuta kisima kingine.

Walio upande wa uwanda, Makunduchi, Jambiani, Paje na vijiji vya ufukwe ule, wana jambo la ziada: visima vya karibu na bahari huingiwa na chumvi. Onja. Ukihisi chumvi ulimini, usikate tamaa, nitakutajia samaki wake. Pemba ina vilima na udongo mwingi kuliko mawe katika sehemu zake nyingi, kwa hiyo aliye Wete au Chake asichukue namba zangu za Unguja. Apime zake.

Hatua ya 2: Chagua samaki wa maji hayo, usiyageuze maji

Ugumu wa kabonati ni kipimo cha ile sehemu ya chokaa inayoishikilia pH isiyumbe. Hupimwa kwa digrii, na digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kalisiamu kabonati katika lita moja. Kisima changu kina digrii 15, yaani kama miligramu 267 kwa lita. Hayo ni maji magumu.

Namba hiyo kubwa ina maana gani jikoni? Ina maana ukitia ndimu au siki ili ushushe pH, chokaa itaila asidi yote, pH itashuka kidogo kisha kesho itarudi palepale. Utatia tena. Itashuka, itarudi. Samaki aliyemo anapandishwa na kushushwa kila siku, na ni kupanda na kushuka huko kunakomuua, kuliko namba 8.1 yenyewe. Nimeona mtu akikamua ndimu kila asubuhi ndani ya tangi la neoni tetra kwa wiki mbili. Samaki wale asili yao ni maji laini yenye asidi ya bonde la Amazon. Hawakufika wiki ya tatu.

Wako samaki wanaoyapenda maji yetu kama yalivyo. Gapi, plati, mkia-upanga na moli hustawi ndani ya maji magumu na kuzaa bila ya kuombwa. Moli huvumilia hata maji ya chumvichumvi, hivyo wewe wa kisima cha uwanda huyu ndiye wako. Mbuna wa Ziwa Malawi wamezoea pH ya kama 7.7 hadi 8.6, na samaki wa Ziwa Tanganyika wanaishi kwenye maji ya pH karibu ya 9. Wako wadogo wa Tanganyika wanaokaa na kutaga ndani ya makombe ya konokono, na ndani ya tangi dogo lenye mchanga na makombe hufurahisha kuwatazama. Watu wa Ulaya hununua chumvi maalumu za kuyafanya maji yao yafanane na ya maziwa hayo. Sisi tunateka tu.

Na kisiwa hiki kina samaki wake wa mapambo wa asili, ambaye wengi wetu hatumjui: Nothobranchius guentheri, samaki mdogo wa madimbwi ya mvua, dume lake lina mkia mwekundu wa kupendeza. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki ndani ya tope kavu kungoja mvua. Usiende kuwavua. Madimbwi yenyewe yanapungua kwa ujenzi na kufukiwa. Namtaja kwa sababu anastahili kujulikana na watu wa nyumbani kwake.

Ukiwa bado unawataka samaki wa maji laini, njia ya haki ni moja: changanya maji ya kisima na ya mvua nje ya tangi, kabla ya kutia. Mvua haina ugumu wowote, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Lita 10 za kisima cha digrii 15 na lita 10 za mvua zinatoa lita 20 za digrii 7 na nusu. Lakini jiulize kwanza kama utapata maji ya mvua ya kutosha Januari, wakati wa kaskazi, jua kali na tangi la mvua tupu. Ukianza mchanganyiko uwe na uwezo wa kuuendeleza mwaka mzima.

Mapambo nayo yana neno. Mawe ya ufukweni, vipande vya matumbawe na makombe yote ni chokaa. Dondosha siki juu ya jiwe, na likitoa vipovu basi litaongeza ugumu wa maji. Kwa mbuna na moli hilo ni jema. Kwa tangi ulilolainisha kwa mvua, jiwe hilohilo litakurudisha ulikotoka.

Hatua ya 3: Ondoa klorini

Klorini hutiwa ili kuua vijidudu vya maradhi, na sisi binadamu tunaihitaji. Samaki huipokea kwa mashavu yake, huunguza nyama laini ya kupumulia, naye huja juu kuhema kama anayekosa hewa. Pia huua bakteria wanaosafisha tangi, ambao nitawaeleza sasa hivi.

Asubuhi moja nilikuwa na haraka ya safari. Maji ya mfereji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, nikabadilisha nusu ya tangi moja kwa moja kwa mpira, bila ya kuyalaza. Harufu ya dawa niliisikia nikaipuuza. Niliporudi Adhuhuri gapi wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, na wanane walikuwa wamelala kwenye mchanga. Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijatia maji ya mfereji yasiyolazwa.

Laza maji kwenye ndoo au karai lililo wazi kwa saa 24. Ukitia jiwe la hewa, muda unapungua. Maji yaliyo ndani ya tangi la plastiki la juu ya nyumba, lenye mfuniko, usiyahesabu kuwa yamelala, kwa sababu klorini haina pa kutokea. Iko pia dawa ya kuondolea klorini, sodiamu thayosalfeti, inauzwa kwenye maduka ya samaki na hufanya kazi kwa dakika chache. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Kuwa nayo nyumbani kwa siku ya dharura, wakati inabidi ubadilishe maji sasa hivi na huna yaliyolazwa. Na mahali ambapo maji hutiwa kloramini badala ya klorini ya kawaida, kulaza hakusaidii. Dawa hiyo huondoa klorini yake, lakini amonia hubaki, kwa hiyo pima amonia baada ya kutia.

Hatua ya 4: Lee bakteria kabla ya samaki

Hapa ndipo alipoangukia mtoto wa kaka yangu.

Samaki hutoa amonia kwa mashavu na kwa choo chake. Chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Mtoni au ziwani amonia hupotelea kwenye maji mengi, lakini ndani ya lita 50 haina pa kwenda. Kinachookoa ni aina mbili za bakteria. Wa kwanza hula amonia na kutoa nitriti, nayo ni sumu pia, huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Wa pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hawaelei ndani ya maji kwa wingi. Hukaa wamejishikiza kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, kwenye mawe. Tangi jipya lenye maji safi halina hata mmoja wa kutosha. Ndicho kilichokosekana.

Sasa sikiliza kuhusu chokaa na amonia, maana hapa ndipo maji yetu yanapotofautiana na ya wengine. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili. Moja ni kali, hupenya mashavu na kuua. Nyingine ni pole, karibu haina madhara. Kipimo chako husoma zote mbili kwa jumla. Kinachoamua ngapi ni kali na ngapi ni pole ni pH na joto. Kwenye nyuzi 28 na pH 7, sehemu kali haifiki asilimia moja ya jumla. Kwenye nyuzi hizohizo na pH 8, inakuwa zaidi ya asilimia 6. Kwenye 8.3 inafika kama asilimia 12. Maana yake, miligramu 1 ya amonia kwa lita, ambayo kwenye maji ya pH 7 samaki angeihimili, kwetu ina ukali wa karibu mara kumi na zaidi. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba amonia kidogo haina neno, elewa kwamba aliyeandika hakuandika kwa ajili ya Unguja. Kwetu sisi ni sifuri au ni hatari.

Chokaa ina upande wake wa wema hapa pia. Bakteria wanapoila amonia hutumia kabonati, na maji yakiwa hayana kabonati pH huporomoka na wao huzubaa. Yetu yana akiba kubwa. Basi katika maji haya bakteria wakishakaa, hukaa vizuri.

Namna ya kuwalea ni hii. Jaza tangi maji yaliyolazwa, tia mchanga, washa filta na pampu ya hewa, usitie samaki. Chukua kamba mmoja mbichi wa ukubwa wa kidole, wa sokoni Darajani au wa kwa mvuvi yeyote, mfunge ndani ya kipande cha soksi nyembamba safi, mtumbukize. Kwa lita 50 mmoja anatosha. Ataoza na kutoa amonia. Harufu itakuwapo, waambie wa nyumbani mapema. Anayeona karaha atumie chembe za chakula cha samaki, kijiko kidogo cha chai kila siku mbili.

Pima amonia na nitriti kila siku mbili na andika kwenye daftari. Amonia itapanda kwanza. Baada ya wiki moja au mbili nitriti itaanza kuonekana huku amonia ikishuka. Hapa mtu huvunjika moyo, kwa sababu nitriti hupanda mpaka rangi ya kipimo inaiva kabisa na hukaa hapo siku nyingi. Vumilia. Siku moja utapima utakuta imeshuka ghafla, na nitrati imejaa. Kwa joto letu kazi nzima huchukua wiki tatu hadi sita. Ukipima siku mbili mfululizo amonia sifuri na nitriti sifuri, ilhali kamba bado yumo au chakula bado unatia, tangi limeiva. Mtoe kamba, badilisha nusu ya maji au zaidi ili nitrati ishuke, kisha tia samaki wanne au watano wadogo. Subiri wiki mbili ndipo uongeze wengine.

Iko njia ya mkato ya halali: omba kwa mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima kipande cha sponji ya filta yake. Kibebe ndani ya maji ya tangi hilohilo, kisikauke njiani, na ukitie ndani ya filta yako siku hiyohiyo. Nilimpa mtoto wa kaka yangu nusu ya sponji yangu, na tangi lake liliiva kwa siku tisa.

Na usiioshe sponji kwa maji ya mfereji. Ikichafuka, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, basi. Watu huiosha kwa sabuni mpaka iwe nyeupe, wakijisifu kwa usafi, na wiki hiyohiyo samaki wanaanza kufa.

Hatua ya 5: Kazi ya kila wiki

Jua kwanza tangi lako ni lita ngapi. Pima kwa sentimita urefu, upana na kina cha maji, zidisha, gawa kwa 1,000. Langu ni 60 kwa 30, maji kina 32, jumla kama lita 58. Toa nafasi ya mchanga na mawe, zinabaki kama 50.

Kila wiki badilisha robo, kwangu ni lita 12 na kidogo, yaani ndoo moja ndogo. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira, usiteke ya juu tu kwa kata. Maji mapya yawe yamelazwa na yawe na joto linalokaribiana na la tangi, mkono wako usihisi tofauti. Mimina taratibu.

Namba za kulenga: amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi, pH ileile ya maji yako ya kila siku bila ya kuyumba, joto nyuzi 25 hadi 28.

Chakula ndicho mlango wa amonia. Tia kile watakachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Siku za Sikukuu kuwa macho. Watoto wa jamaa huja kula skukuu, hulisimamia tangi, na kila mmoja anatia chembe ya kisheti au ya mkate ili amwone samaki akila. Mimi siku hiyo huweka kipande cha mbao juu ya tangi, na chembe za chakula nazigawa mwenyewe kwa watoto, moja moja, mpaka kila mtu amelisha. Wanafurahi, na kesho yake amonia inasoma sifuri.

Amonia au nitriti ikionekana ndani ya tangi lenye samaki, badilisha nusu ya maji siku hiyo, acha kulisha siku mbili, ongeza hewa, na pima kesho. Ikiwa ni nitriti, tia pia chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi. Kloraidi ya chumvi huizuia nitriti isipenye mashavu. Kwa tangi langu ni gramu 50. Gapi, moli na plati hawadhuriki na kiasi hicho.

Masika, kaskazi na kujazia maji

Kujazia si kubadilisha. Wakati wa kaskazi maji hupungua kwa mvuke, na kinachopaa ni maji matupu, chokaa na chumvi hubaki. Ukijazia kwa kisima unaongeza chokaa juu ya chokaa, na baada ya miezi ugumu unakuwa mkubwa kuliko wa kisima chenyewe. Jazia kwa maji ya mvua uliyoyaweka, au hakikisha unabadilisha robo kila wiki bila ya kuruka.

Maji ya mvua yakinge kutoka kwenye bati, si kwenye makuti. Mvua ya kwanza ya masika iache ioshe bati, yenye vumbi na choo cha kunguru, kisha anza kukinga. Lakini usijaze tangi zima kwa mvua tupu. Haina kabonati, pH itashuka mpaka 6 na chini, bakteria watazubaa, amonia itajikusanya kimyakimya katika sura yake ya upole na samaki wataonekana wazima. Halafu siku moja mvua inakwisha, unamimina ndoo ya kisima chenye pH 8, na amonia yote iliyokuwa pole inageuka kali ndani ya dakika. Mtu huapa kwamba kisima chake kina sumu. Tangi la namna hiyo lirudishe taratibu: pima amonia kwanza, ikiwapo iondoe kwa kubadilisha kidogo kidogo kwa maji ya mvua, ndipo uanze kutia kisima kata moja moja kwa siku kadhaa.

Joto nalo hupunguza hewa. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.6. Chini ya bati mchana wa Februari, tangi hufika nyuzi 31 bila ya taabu. Liweke mbali na dirisha la magharibi, punguza taa, elekeza feni ipulize juu ya uso wa maji, itashusha nyuzi mbili au tatu. Feni huongeza mvuke, kwa hiyo rudi kwenye habari ya kujazia.

Umeme ukikatika

Walioishi Unguja wanakumbuka 2008, kiza cha kama mwezi mzima, na kile kingine cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Sikuhizi hukatika kwa saa, lakini saa chache zinatosha. Filta ikisimama, bakteria ndani yake hukosa hewa.

Acha kulisha hapo hapo. Teka maji ya tangi kwa kata na uyamimine kutoka juu, kama shibiri moja, mara ishirini kila robo saa, mpe mtoto zamu yake. Sponji itoe ndani ya filta ya kopo (ile iliyofungwa, inayokaa nje ya tangi) uiache ielee tangini ipate hewa. Pampu ndogo ya betri, ya wavuvi wa chambo hai, ni kitu kizuri kuwa nacho kabatini.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiiwashe filta ya kopo moja kwa moja. Maji yaliyolala ndani yake yameoza na yana amonia na gesi ya yai bovu. Yamwage, suuza kopo kwa maji ya tangi, rudisha sponji, ndipo uwashe. Pima amonia usiku huo na asubuhi yake. Ikisoma sifuri mara zote mbili, walishe, nusu ya kiasi cha kawaida.